Usingizi wa Muuguzi na Kalamu ya Karani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani wa Karagwe na Kyerwa, mkutanoni Kayanga



Mlitutaka tuseme neno juu ya afya ya watumishi. Tulisita, maana sisi si waganga, wala haimpasi karani kumfundisha mganga kazi yake. Lakini tulipofikiri tuliona kwamba liko jambo moja la afya lipitalo juu ya meza zetu kila mwezi, nalo ni usingizi wa wenzetu wauguzi. Huenda mmoja wenu akauliza moyoni, “Je, usingizi nao ni jambo la kuhutubiwa?” Twamwomba atuvumilie kidogo, kisha aamue mwenyewe.

Neno letu ni hili, nasi twalisema mapema ili mtu asihangaike kulitafuta. Fadhaa ya kazi huharibu usingizi wa muuguzi. Na usingizi ulioharibika humzidishia fadhaa ya kazi. Kila moja humvuta mwenziwe, hata mtu hajui lipi lilitangulia. Na mahali palipo rahisi kuukata mzunguko huo si kitandani pa muuguzi, bali ni kwenye karatasi ya zamu. Karatasi hiyo mara nyingi huandikwa na sisi makarani.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Tangu Wilaya ya Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, tumekuwa na wilaya mbili, lakini wagonjwa ni wale wale na njia ni zile zile. Wako wauguzi wa hospitali, kama vile Nyakahanga kwa upande wa Karagwe na Isingiro kwa upande wa Kyerwa. Wako wa vituo vya afya. Na wako wa zahanati zilizo mbali kabisa, kuelekea Murongo na mto Kagera, ambako ng’ambo ya maji ni nchi ya watu wengine. Katika hospitali muuguzi hufanya kazi kwa zamu: ya asubuhi, ya jioni na ya usiku. Zamu ya usiku kwa kawaida ndiyo ndefu kuliko zote, na watu wake ndio wachache kuliko wote. Katika zahanati ndogo hakuna zamu hata kidogo. Muuguzi hufanya kazi mchana kutwa, na usiku mama mwenye uchungu wa kuzaa akiletwa kwa pikipiki, mlango unaogongwa ni ule ule wa muuguzi wa mchana.

Tena kazi ile ina hofu yake. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulitokea katika Wilaya ya Bukoba, ukaua watu 6, na miongoni mwao alikuwamo mtumishi wa afya. Mwezi wa Januari mwaka 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena katika mkoa wetu, mara hii Biharamulo. Wenzetu wa Karagwe na Kyerwa hawakuguswa na ugonjwa wenyewe, lakini kila muuguzi aliyempokea mgonjwa mwenye homa kali na kutapika alijiuliza swali lile lile mnalolijua. Mtu aliyejiuliza swali hilo saa nane za usiku, hali amevaa glavu zake na taa ya umeme inazimika na kuwaka, hawezi kufika nyumbani asubuhi akalala kama mkulima atokaye shambani.

Sasa tuseme kwa ufupi jinsi usingizi ulivyo, kama wataalamu wafundishavyo. Mwili wa mwanadamu una saa yake ndani. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuvumbua jinsi saa hiyo iendavyo ndani ya chembe hai. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa jua. Giza likiingia, mwili hujiandaa kulala; joto lake hupungua, na hufikia chini kabisa karibu na saa kumi au kumi na moja alfajiri. Saa hizo ndizo akili huwa nzito kuliko saa zote, na ndizo saa ambazo muuguzi wa usiku hutakiwa kupima dawa, kusoma joto la mtoto na kuandika daftari.

Kulipokucha, mambo hugeuka. Sisi tunaokaa karibu na mstari wa ikweta jua letu halina huruma wala majira. Saa moja asubuhi ni mwanga mtupu, siku zote za mwaka. Muuguzi atoka wodini, jua lamwambia mwili wake, “Amka!” wakati yeye ataka kulala. Basi hulala usingizi wa vipande vipande. Watafiti wameona kwamba mfanyakazi wa usiku alalapo mchana, mara nyingi hupungukiwa na saa moja au mbili kuliko alalapo usiku. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi. Akikosa saa mbili leo, na mbili kesho, na mbili kesho kutwa, deni limekua. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Nao walisema dawa ya deni ni kulipa. Deni la usingizi halilipwi kwa ushujaa, hulipwa kwa kulala.

Na juu ya jua kuna nyumba. Wengi wa wauguzi wetu ni wanawake. Arudipo asubuhi hukuta watoto wanakwenda shule, maji hayajatekwa, ndizi hazijamenywa, na jirani apita kumwomba atazame kidonda. Mume, ajapokuwa mtu mwema, huona mkewe yuko nyumbani, na kwake “yuko nyumbani” maana yake ni “hana kazi.” Mabwana, tukiri kwamba miongoni mwetu hapa wako walioa wauguzi, nao wanajua kama twasema uongo.

Tena liko jambo la kahawa. Katika nchi hii ya kahawa tunaitafuna buni iliyochemshwa na kukaushwa, na mgeni hukaribishwa kwayo. Ni desturi njema. Lakini nguvu ya kahawa haiondoki upesi. Baada ya saa 5 hivi, karibu nusu yake yangali mwilini. Muuguzi atafunaye saa kumi alfajiri ili asisinzie, saa tatu asubuhi alalapo bado anayo nusu ya ile kahawa. Amejikopesha macho ya usiku kwa kuuza usingizi wa mchana.

Hebu sasa tuone fadhaa iingiavyo. Mtu asiyelala vizuri hukasirika upesi, husahau, na hushtuka kwa neno dogo. Mgonjwa akilalamika huona ametukanwa. Mkubwa akiuliza huona anashtakiwa. Basi kazi ile ile ya jana leo imekuwa nzito maradufu, ingawa haikuongezeka hata kidogo. Kisha usiku, au tuseme mchana, alalapo, mawazo ya kazi humjia kitandani: je, niliandika ile dawa? je, yule mtoto yu hai? Moyo hupiga mbio, mwili hujiweka tayari kama mtu aliyeambiwa chui yu zizini, na usingizi hukimbia. Kesho yake huenda kazini na deni jipya. Huo ndio mzunguko tuliousema.

Msidhani kwamba ni maneno ya mdomo tu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu 40. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na akili yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Na akikesha saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Wanachama, hakuna hata mmoja wetu atakayemruhusu mtu aliyetoka kunywa rubisi amchome mtoto wake sindano. Lakini aliyekesha twamruhusu, tena twamsifu kwa bidii yake.

Na mwaka 2002 Bibi Linda Aiken na wenzake walichapa habari za hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja akiongezwa juu ya muuguzi mmoja, hatari ya mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 huongezeka kwa asilimia 7, na hatari ya muuguzi mwenyewe kuchakaa kwa kazi huongezeka kwa asilimia 23. Hospitali za Pennsylvania si hospitali zetu. Zile zina watu na vyombo kuliko sisi. Lakini ikiwa mzigo wa mgonjwa mmoja zaidi waonekana kule, sisi tuna sababu gani ya kudhani kwamba kwetu hauonekani?

Wanachama, sasa yatupasa kusema jambo ambalo hatukupenda kulisema, nalo latuhusu sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukiandika orodha ya zamu katika hospitali moja, ambayo hatutaitaja jina. Muuguzi mmoja alipewa likizo ya msiba ghafula, nasi tukaambiwa tujaze pengo kabla ya saa sita mchana. Tulitazama mistari ya karatasi, tukaona jina la sista mmoja halina alama katika zamu ya jioni ya Jumanne, tukamwandika hapo. Hatukutazama mstari wa juu yake. Sista yule alikuwa katika zamu ya usiku wa Jumatatu. Maana yake ni kwamba alitoka wodini saa moja na nusu asubuhi, akatakiwa kurudi saa nane mchana siku ile ile. Katika saa zile sita na nusu ilimpasa kwenda kwake, kuoga, kula, kulala, na kurudi.

Alikuja. Hakulalamika, maana si desturi. Jioni ile, katika wodi ya watoto, alivuta dawa ndani ya bomba la sindano kutoka katika chupa isiyo yake. Chupa zile mbili zilikuwa na ukubwa mmoja na kifuniko cha rangi moja. Mama wa mtoto ndiye aliyesema, “Sista, samahani, mbona ile ya asubuhi ilikuwa nyeupe kama maziwa, na hii ni maji?” Sista alisimama. Aliitazama chupa, akaketi chini pale pale sakafuni, akalia mbele ya wagonjwa. Mtoto hakuchomwa. Alipona, akarudi kwao.

Kesho yake tuliletewa barua ya kupiga chapa: muuguzi atakiwa kujieleza kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini asichukuliwe hatua. Tuliipiga chapa vizuri, bila kosa hata moja la herufi. Tulipofika mahali pa kutia tarehe ndipo tulipoikumbuka karatasi ya zamu, tukaifungua, tukauona mstari wa juu. Vidole vilivyomwita ajieleze ndivyo vilivyomnyima usingizi.

Tungependa kuwaambia kwamba tulikwenda mara ile kwa mkubwa tukasema, “Kosa ni letu.” Hatukwenda siku ile. Tulikwenda siku ya tatu, baada ya sista kuleta maelezo yake, ambamo aliandika kwamba alichoka na kwamba hatarudia. Hakuitaja orodha. Tulipopeleka karatasi ile, mkubwa aliitazama kwa muda mrefu, akaifuta barua, akatuonya sisi. Lakini khabari ya sista haikuishia hapo. Alipewa siku nne za kupumzika, akarudi akiwa hana nuru. Tulipomwomba radhi alisema, “Bwana Karani, nimekusamehe. Lakini nikifumba macho naiona ile chupa. Nimepewa siku nne za kulala, na sijalala hata usiku mmoja.”

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba ule ni mzunguko wala si njia yenye mwanzo na mwisho. Uchovu ulileta kosa. Kosa likaleta hofu. Hofu ikala usingizi. Na mapumziko yaliyokuja baadaye hayakuweza tena kuufikia. Lau angepewa saa zake kumi na mbili za kupumzika kabla, tusingalihitaji kumpa siku nne baada.

Saa kumi na mbili, wanachama, si saa tulizozibuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mfanyakazi apewe angalau saa 12 za kupumzika mfululizo baina ya kumaliza kazi na kuianza tena, isipokuwa katika mambo machache yatakayokubaliwa kwa maandishi. Na kila juma apewe angalau saa 24 za mfululizo. Yasema kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa juma. Yaita usiku ni baada ya saa mbili usiku hata kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba kila saa ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Yamkataza mwajiri kumweka mja mzito katika kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka 1977, Shirika la Kazi Ulimwenguni lilitoa Pendekezo lake la 157 juu ya wauguzi peke yao, nalo pia lataja saa 12 baina ya zamu na zamu. Karatasi yetu ya Jumanne ilivunja hayo, na aliyeivunja hakuwa waziri wala mkurugenzi. Alikuwa karani mwenye haraka.

Basi tufanye nini? Hatuwezi kuongeza wauguzi; hilo ni la Serikali, nalo yafaa Chama kiendelee kuliomba kwa adabu na bila kuchoka. Lakini yako mambo yasiyogharimu senti, nayo ni haya.

Kwanza, kila karani aandikaye zamu atazame mstari wa juu na mstari wa chini kabla ya kutia jina, na ahesabu saa 12. Zikipungua, asiandike; ampelekee mkubwa karatasi, amwonyeshe pengo, na mkubwa aamue kwa sahihi yake.

Pili, zamu zifuate mwendo wa jua: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kisha mapumziko. Mwili huona rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Mtu akitoka usiku akarudishwa jioni, kisha asubuhi, saa ya mwili hurudishwa nyuma kama mtu atembeaye kinyumenyume.

Tatu, orodha ibandikwe mapema, wiki mbili kabla kama yawezekana, ili muuguzi apange nyumba yake. Kutojua utafanya kazi lini ni fadhaa peke yake.

Nne, penye wauguzi wawili usiku, mkubwa akiruhusu, kila mmoja alale nusu saa kwa zamu wakati wodi imetulia. Usingizi mfupi kama huo huziamsha akili; wala si uvivu, kama vile kunoa panga si uvivu wa mkulima.

Tano, madai ya kazi ya ziada na ya usiku yasilale mezani petu. Muuguzi awazaye ada ya shule ya mtoto, na fedha yake imekaa katika faili yetu miezi mitatu, hakosi usingizi kwa sababu ya wagonjwa peke yao.

Sita, waume na jamaa. Pazia jeusi dirishani, watoto kupelekwa kucheza kwa shangazi, simu kuzimwa, kahawa kukomeshwa kabla ya usiku wa manane. Hayo nayo ni uuguzi.

Nao wauguzi wenyewe wajipime. Mwaka 1989 wataalamu wa Pittsburgh, Marekani, walitunga maswali ya kupima usingizi wa mwezi mmoja. Yana sehemu 7: mtu mwenyewe auonaje usingizi wake, humchukua muda gani kupata usingizi, hulala saa ngapi, katika muda akaao kitandani, hulala kiasi gani, huamshwa na nini, hutumia dawa za kulalia, na husinzia mchana hata kazi ikamshinda. Kila sehemu hupewa alama 0 hata 3, na jumla ni 21. Apataye zaidi ya 5 huhesabiwa kuwa halali vizuri. Mtu huyo asione haya kumwendea mganga, kama vile asivyoona haya kumwendea kwa malaria.

Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, makarani na waalimu waliona kwamba mtumishi mmoja peke yake sauti yake haisikiki. Sisi tulio warithi wao tumezoea kuitumia sauti hiyo kuwaambia wakubwa. Ni vema. Lakini usiku huu twaomba tuitumie pia kujiambia sisi wenyewe. Kosa la karani halina damu juu yake; hukaa katika faili, safi, limepigwa chapa. Damu yake hutokea mahali pengine, kwa mtu mwingine, saa kumi alfajiri.

Sista yule angali kazini. Baada ya miezi kadhaa usingizi ulimrudia, asema, polepole, kama maji yarudivyo kisimani baada ya kiangazi. Yeye ndiye aliyetupa ruhusa ya kuyasema haya, kwa sharti kwamba tusimtaje jina, na kwamba tuwaambie makarani wote watazame mstari wa juu.

Tumelitimiza sharti lake. Twawatakia nyote, hasa wale watakaokesha leo, usingizi mwema zamu yao itakapokwisha.